Fundi Dari na Kola Yake

Mwisho wa mwezi duka la vifaa vya ujenzi halipitiki. Daktari wa viungo alikuwa amefuata kitasa tu, gauni lake la samawati limenyooshwa pasi likanyooka, pale mwanamume aliyekuwa mbele yake alipogeuka mwili mzima kama kabati na kuangusha makopo ya rangi. Shingoni alivaa kola nene ya sponji.

"Nani kakwambia uendelee kuvaa hiyo?" daktari alimuuliza kabla hata ya kumpa pole.

Mwanamume, fundi wa kufunga dari, alieleza kwamba alianguka kwenye ngazi mwezi juzi, akavishwa hospitali. Bibiye akamfahamisha kuwa kola huizuia shingo isigeuke, na misuli ikizoea kushikiwa, inadeka. Aje kliniki kesho. Kesho yake fundi alifika kabla mlango haujafunguliwa, meno yote nje.

Kola ikavuliwa, shingoni akabandikwa plasta za kuvutika kama zile za wanamichezo. Hizi hazikuzuii, daktari alimwambia, zinakukumbusha tu kukaa vizuri. Kugeuka ni kazi yako. Mazoezi yakaanza, na simu za jioni nazo zikaanza, daktari akimtania: umegeuka kulia leo, mpenzi wangu, na kushoto je? Utani ukawa mrefu kuliko mazoezi.

Lakini shingo haikusogea. Kila akiipima, ni palepale. Daktari, ambaye hakuwahi kushindwa na shingo ya mtu, akaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe. Akaamua kumpeleka kwa daktari mwingine, akamfuata kazini amwambie. Alimkuta amejipinda kiunoni ili aone juu, kola imembana shingo, plasta zimefichwa chini yake.

"Kumbe unaivaa?"

"Nikitoka kwako tu," fundi alijibu kwa aibu. "Nikipona, nitakuja kwako kwa kisingizio gani?"

Daktari alikasirika kweli. Alimwambia amemfanya aidharau kazi yake, tena bure, na fundi dari asiyeweza kutazama juu atakula nini? Akaondoka. Simu zake hakuzipokea, ingawa kila ilipoita moyo ulimwenda mbio.

Wiki kadhaa baadaye fundi aliingia kliniki, shati jeupe, shingo wazi. Daktari akampima bila salamu. Kulia, kushoto, juu: kote ilikwenda. Mazoezi alikuwa ameyafanya peke yake.

"Umepona," alisema. "Kuanzia leo wewe si mgonjwa wangu. Huna miadi tena hapa."

Fundi alinywea.

"Sasa nisikilize," akaendelea, akiketi karibu naye kuliko daktari anavyokaa. "Tukikungoja wewe mwoga, tutazeeka. Utanioa?"

Fundi akaitikia kwa kichwa, kidevu kikagusa kifua, akarudia na kurudia, mpaka bibiye akamshika mashavu yote mawili amtulize, maana shingo ile alikuwa ameihangaikia mno.