Nilimvunja Shemeji Mkono kwa Kosa la Kerneli

Nina miaka arobaini na tisa, shahada ya kompyuta, na kibanda cha kuuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, hapa Mbamba Bay. Ndugu wasomaji, nilifikaje hapa? Kwa mpini wa jembe.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ghala la kahawa kule Mbinga. Mizani ilituma kilo kwenye seva yangu ya Linux, seva ikatoa stakabadhi, mkulima akaondoka. Karani wa mizani alikuwa Osmund, kaka wa mke wangu Kandida. Ndiye aliyenitafutia kazi ile...

Msimu ulipokolea, seva ikaanza kukwama. Michakato, yaani programu zinazofanya kazi ndani yake, iliganda. Niliiamuru ife, haikufa. Nikatoa amri ya mwisho, ile isiyokataliwa... ikakataliwa! Ikabaki kuchomoa umeme na kuwasha upya, na kila mara kilo za watu zilipotea.

Siku ya nne, wakulima wa vijiji vya Ukata na Namswea walikuwa wamekalia magunia yao tangu alfajiri, baridi inawauma.

"Msomi, mashine yako nayo inakunywa kahawa?" mmoja aliuliza. Wenzake walicheka, kicheko kibaya.

Osmund akaninong'oneza, "Shemeji, kabla hujaizima, si usome kwanza inalalamika nini?"

Karani wa kidato cha nne anifundishe mimi? Kwenye seva niliona flashi yake ya nyimbo za kwaya. Nikaichomoa, nikaiinua wote waione.

"Mwizi wa kilo zenu huyu hapa. Ameingiza virusi."

Sikuwa na ushahidi wowote. Nilitaka tu macho ya wakulima wale yahame kwangu.

Yalihama... Nikaokota mpini na kumpiga wa kwanza mimi, nionekane nina uchungu. Mfupa wa mkono wake ulilia kama bua kavu. Kisha wakulima wakamwangukia kwa ngumi, mateke na magongo. Damu ilirukia magunia. Aliniita shemeji mara mbili. Madereva wa malori ndio waliomtoa.

Alasiri seva ilikwama tena. Flashi ilikuwa mfukoni mwangu.

Ndipo nikasoma kumbukumbu za mfumo. Yote yalikuwa yameandikwa humo tangu siku ya kwanza. Ndani ya kerneli, moyo wa mfumo, michakato miwili ilikuwa imeshikilia kufuli mbili za diski, kila mmoja ukisubiri mwingine uachie. Mchakato unaosubiri hivyo hausikii hata amri ya kufa. Ni kosa la walioandika kerneli, nao walikwisha kulirekebisha katika toleo jipya. Mimi nilikuwa nimekataa kuliweka kabla ya msimu, kwa sababu lilitaka seva izimwe, nami nilijisifu kwamba yangu haijawahi kuzimwa!

Wazee walituita kwenye sengu, kikao ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja na kuamua kesi zao. Nilikiri yote. Ukishiriki sahani na uliyemkosea, kesi imekwisha. Mkono wa Osmund ulikuwa kwenye plasta, nikamfinyangia tonge.

"Ngoja, shemeji," alisema. "Siku mkono huu utakaposhika tonge, tutakula."

Kandida alirudi kwao jioni ileile, na ghala nalo likanifuta kazi.

Wasomaji wangu, nawasihi, kitu kikiwashinda mbele za watu, msitafute wa kumtupia. Semeni "sijui" mapema, hata mkiwa na shahada mbili. Mimi neno hilo nililisema kwenye sengu, nikiwa nimechelewa. Plasta ilishatolewa, na vidole vya Osmund mpaka leo havikunjiki.