Mpima Ardhi Aliyeuawa na Inspekta

Kila siku akitoka shule, Inspekta alivua viatu mlangoni, akanywa vikombe viwili vya maji, kisha akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha bibi yake na kuanza kazi aliyoichukia kuliko kufua mashuka. Kazi hiyo ilikuwa kumsomea bibi kitabu.

Inspekta halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na kinyozi wa mtaa wao kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakupenda kitabu chochote kisichokuwa na maiti, polisi na mtu wa kushukiwa. Bibi naye alikuwa fundi cherehani hadi ugonjwa ulipompofusha. Aliacha kushona bila kulalamika, lakini kuacha kusoma kulimshinda.

Vitabu vyenyewe walivipata kwa kinyozi. Yeye aliweka rafu nzima ya vitabu dukani ili wateja wanaosubiri zamu wasigombane kuhusu mpira. Sharti lake lilikuwa moja: nyumba moja, kitabu kimoja. Hupati kingine mpaka urudishe cha kwanza na kumweleza ulichokipata humo. Fundi mabomba aliwahi kurudisha kitabu cha nyota akasema kwamba sasa akiwa juu ya paa jioni anajua anatazama nini. Mkunga wa mtaa aliazima mashairi tu. Alisema kazini kwake watu hupiga kelele mchana kutwa, na mashairi yalikuwa mafupi na hayakupiga kelele.

Bibi alikuwa amechagua hadithi ya mapenzi. Mpima ardhi mmoja alikuwa ameondoka kwenda kupima mipaka ya msitu wa mbali, na mchumba wake, mwalimu, alimngoja. Basi! Kwa Inspekta hiyo haikuwa hadithi, ilikuwa adhabu. Hakuna aliyeibiwa hata kijiko. Halafu bibi alikuwa na tabia ya kumrudisha nyuma: rudia pale alipomwandikia barua, rudia pale alipofungua dirisha. Ukurasa mmoja uliweza kula nusu saa. Inspekta alipiga miayo makusudi, na siku nyingine alimuuliza bibi kama haoni haya, mtu mzima hivyo na mapenzi. Bibi alicheka tu.

Alhamisi moja kinyozi alipata kitabu kipya cha upelelezi. Tajiri ameuawa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani, na wageni wote sita wanasema uongo. Wanafunzi watatu walikuwa tayari wanakimezea mate. Kinyozi alimwahidi Inspekta kumwekea hadi Jumamosi tu, mradi kile cha bibi kirudi. Tatizo ni kwamba bibi alikuwa ukurasa wa tisini, na kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi.

Ijumaa Inspekta alifungua kitabu, akatazama dirishani, akaanza kusoma kisichoandikwa.

"Nyoka akamgonga mpima ardhi kwenye kifundo cha mguu, na kabla jua halijazama akafa. Mwalimu alipopata habari, naye akafa kwa majonzi. Mwisho."

Bibi alinyoosha mkono, akakipapasa kitabu.

"Mbona kurasa zimebaki nyingi hivi?"

"Hizo ni orodha za vitabu vingine, bibi. Wanatangaza biashara."

"Nyoka gani?"

"Swila."

"Wamemzika wapi?"

"Hawakumzika. Fisi walimla."

Hilo la fisi aliliongeza kwa kunogesha tu. Aliona uso wa bibi ukibadilika, na nisikufiche, msomaji, alifurahia kidogo. Muuaji mzuri kuliko wote aliowasoma alikuwa yeye mwenyewe. Jumamosi asubuhi alirudisha kitabu, akamwambia kinyozi kwamba bibi amekipenda mno, akaondoka na kile kipya kifuani.

Siku hiyo bibi hakugusa chakula. Mama yake Inspekta, aliyefanya kazi ya kufua nguo hospitalini, alirudi akakuta sahani imefunikwa vilevile. Alipouliza kuna nini, bibi akajibu kwamba amefiwa. Mama alishtuka, akauliza ni nani, akaambiwa ni mpima ardhi. Alianza kucheka, lakini alipoona machozi yanamtiririka mzee, kicheko kikamkauka mdomoni. Akamwita Inspekta jikoni.

"Unajua babu yako alikwenda wapi?"

Inspekta alijua tu kwamba babu hayupo.

"Alikwenda kufanya kazi mgodini nikiwa na miaka minne. Hakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Bibi yako alishona nguo za watu miaka yote ile huku cherehani yake ikitazama mlango. Kitabu kile kilimpa mtu mwingine wa kumngoja. Sasa naye amekufa. Kaa naye kidogo, mwanangu, ukiweza."

Inspekta aliona aibu, aibu ya kweli. Maneno ya kukiri yalimfika kooni. Lakini alikuwa sura ya saba, na mgeni wa tatu alikuwa ameonekana na damu kwenye mkono wa shati. Akayameza maneno yake, akaenda kusoma.

Jumatatu bibi alimwomba ampeleke kwa kinyozi akapunguzwe nywele. Inspekta hakuwa na namna ya kukataa. Kwa mkono mmoja alimshika bibi, na kwa mwingine akabeba kitabu chake, kwa kuwa ilibaki sura moja tu na alitaka kuimaliza bibi akinyolewa. Dukani walimkuta fundi mabomba kwenye benchi pamoja na mkunga. Kinyozi akamkalisha bibi kitini na kumfunga kitambaa shingoni.

"Mwanangu, umenitenda vibaya," bibi alimwambia kinyozi. "Ungeniambia mapema kwamba kile ni kitabu cha msiba."

Mkasi ukasimama. "Msiba gani, bibi? Mle hafi hata kuku."

Inspekta alianza kusema kwamba labda kuna vitabu viwili, lakini kinyozi alikwishafika kwenye rafu. Akafungua ukurasa wa tisini na moja na kusoma kwa sauti. Mpima ardhi alikuwa amevua viatu vyenye matope, amekaa juu ya sanduku, na alikuwa akimwandikia mchumba wake barua.

"Yu hai?" bibi aliuliza.

"Yu hai."

"Na fisi?"

"Hakuna fisi, bibi. Nani kakuambia habari za fisi?"

Bibi alivuta pumzi, akaishusha. Uso wake ukaelekea mahali aliposimama Inspekta, sawasawa, utadhani anamwona.

"Huyu mtoto kashika kitabu gani?"

Kinyozi alimwambia.

"Amefika wapi?"

"Imebaki sura moja," Inspekta alinong'ona.

"Mwambie muuaji ni nani."

Kinyozi aliweka mkasi mezani. Alisema kwamba tangu aweke rafu ile hajawahi kumwambia mtu mwisho wa kitabu, na kwamba hata adui yake hangemfanyia hivyo. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akarudia maneno yale yale. Inspekta aliziba masikio. Mkunga, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, aliishika ile mikono na kuishusha taratibu.

"Ni daktari," kinyozi akasema, akitazama sakafu. "Alikuwa ndani ya chumba wakati wote. Alijificha nyuma ya mlango walipouvunja."

Inspekta alipasuka kwa kilio. Siku tatu za kukisia, orodha ya washukiwa nyuma ya daftari la hesabu, vyote vimekwenda na maji. Fundi mabomba alicheka hadi akashika mbavu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu," bibi alisema. "Nimekunyang'anya jina moja tu, unalia hivyo. Wewe ulinilaza siku tatu nikimlilia mtu ambaye fisi wamemla."

Hapo ndipo Inspekta alipoomba radhi. Bibi aliipokea, lakini akatoa hukumu. Kitabu kingesomwa upya kuanzia ukurasa wa tisini, kila siku baada ya shule, humo humo dukani, mbele ya kinyozi anayekijua, na kwa sauti ya kusikika.

Majuma mawili yaliyofuata yalikuwa machungu kweli. Inspekta alisoma "mpenzi wangu wa moyoni" mbele ya wanaume waliopakwa povu mashavuni, nao wakamwomba arudie. Wenzake wa darasani walichungulia mlangoni na kumwita bibi harusi. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomuuma ni kwamba kila mwisho wa ukurasa bibi hakumgeukia yeye. Alimgeukia kinyozi na kuuliza: "Ndivyo kilivyoandikwa?" Kinyozi akisema ndivyo, ndipo wanaendelea.

Hata hivyo, katikati ya majuma hayo, jambo moja lilimshangaza. Alijua tangu mwanzo kwamba mpima ardhi harudi maiti, na bado alipofika mahali barua ilipopotea njiani, sauti ilimtetemeka. Siku hiyo alirudia aya nzima bila kuombwa.

Siku ya mwisho kinyozi alikuwa ametoka kuchota maji. Inspekta alisoma ukurasa wa mia mbili na kumi peke yake na bibi. Mpima ardhi aligonga mlango, mwalimu akafungua. Hadithi ikaishia hapo. Bibi akageuza uso kutafuta sauti ya kinyozi.

"Ndivyo kilivyoandikwa, bibi," Inspekta alisema.

"Tutamngoja kinyozi."

Wakangoja. Kinyozi alirudi na ndoo, akaufungua ukurasa, akasema ndivyo. Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyoka, na machozi yakamtoka.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Wewe unasoma ili ushangazwe. Mkunga anasoma apumzike, fundi mabomba anasoma ajue. Mimi nasoma nipate wa kukaa naye. Usicheke kinachomshibisha mwenzako, na ukiwa wewe ndiye macho yake, usimdanganye. Kipofu hana pa kuhakikisha."

Inspekta alifuta uso kwa mkono wa sare. "Sasa unaniamini, bibi?"

"Bado," bibi akajibu, akitafuta bega lake ili ajishikize wakienda nyumbani. "Kesho tuazime kingine."