Kitambulisho Si Rehani

Mtaani walimwita Mama Sufuria, na jina likamkaa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda lililojaa masufuria makubwa, miiko mirefu na viti vya plastiki. Mwenye harusi alikwenda kwake. Mwenye msiba alikwenda kwake pia. Ulichagua chombo, ukalipa, ukamwachia kitambulisho chako. Ukirudisha chombo kizima, ulipewa kitambulisho chako. Ukikirudisha kibovu, kitambulisho kilibaki kwenye mkebe wake mpaka ulete chombo kingine.

"Bila hivyo wangenimaliza," alisema.

Mkebe huo haukujua ndugu wala rafiki. Hata kitambulisho cha wifi yake, dada wa mumewe, kilikuwa humo. Wifi alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa mtaa huo huo. Alikodi sufuria kubwa kuliko yote kwa sherehe ya mwanawe kumaliza masomo. Muziki ukamkolea, akaenda kucheza, akasahau jiko. Sufuria likarudi jeusi, limetoboka kitako.

"Wifi, hili sasa ni chujio," Mama Sufuria alisema.

"Basi chujia chai," wifi akajibu.

Utani ukageuka maneno, na maneno yakageuka kununiana. Tangu siku hiyo, wifi akipita pale alitazama upande wa pili wa barabara. Mume wa Mama Sufuria alibaki katikati. Huku mke, kule dada. Akaamua kunyamaza, akawa anakula nyumba zote mbili, akazidi kunenepa.

Siku moja kabla ya uchaguzi, mwalimu jirani yao alibisha hodi. Alikuwa amepewa kazi ya kusimamia kituo cha kupigia kura pale shuleni.

"Mama, nahitaji viti. Kesho wazee na wajawazito wakae wakisubiri zamu yao."

"Vipo. Lete kitambulisho."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Nikikuachia kitambulisho, kesho nitapiga kura na nini?"

"Na kidole. Si mnapaka wino?"

"Wino unakuja mwisho, mama. Kwanza lazima tujue wewe ni nani. Unatoa kitambulisho chenye picha. Karani anatazama picha, anakutazama wewe. Kisha anatafuta jina lako kwenye daftari la wapiga kura. Vikilingana, unapewa karatasi ya kura."

"Mambo gani hayo? Nani hapa hanijui mimi?"

"Mimi nakujua. Karani mwenzangu anatoka mbali, hakujui. Na hata mimi sina ruhusa ya kusema, 'Huyu namjua, apite.' Leo ningempitisha rafiki yangu, kesho ningemzuia nisiyempenda. Picha haina upendeleo."

Mama Sufuria akakaa chini. "Na mtu akija na nakala?"

"Kituoni kwetu nakala haikubaliwi. Picha ya kwenye simu pia haikubaliwi. Ni kadi yenyewe tu."

"Na aliyepoteza?"

"Anakwenda ofisi ya vitambulisho, anaomba kingine. Lakini aende mapema, maana huchukua wiki kadhaa. Akienda leo, kura ya kesho imeshampita."

Mama Sufuria akainuka. Aliingia ndani, akatoka na mkebe, akaufungua mbele ya mwalimu. Alikuwamo muuza maji. Alikuwamo bibi wa kona, aliyevunjikiwa kiti. Wote walikuwa wamekodoa macho, vile watu wanavyokodoa mbele ya kamera. Chini kabisa alikuwamo wifi, nywele zimechanwa vizuri, amebana midomo asicheke. Moyo ulimuuma Mama Sufuria. Alipoletwa bi harusi mtaa huu, wifi huyo ndiye aliyemshika mkono wakaenda kupiga kura yake ya kwanza. Tangu hapo hawajawahi kwenda kupiga kura mmoja bila mwenzake.

"Mwalimu," alisema taratibu, "nimefungia kura za watu kwenye mkebe."

"Ndiyo, mama. Kitambulisho cha mtu hakiwekwi rehani. Je, akikihitaji hospitali? Wewe usikiombe, na yeye asikitoe."

"Chukua viti vyako uende. Nina kazi."

Alifunga banda, akazunguka mlango hadi mlango. Bibi wa kona alipokea kadi yake kwa mikono miwili. "Na kile kiti?" aliuliza kwa woga.

"Cha kiti tutaongea. Kesho nenda ukapige kura."

Kwa wifi alikwenda mwisho, maana huko ndiko alikoogopa. Wifi alikuwa anashona, hakuinua kichwa. "Sina sufuria la kukupa."

"Sijafuata sufuria." Mama Sufuria akaweka kadi juu ya kitambaa.

"Iondoe. Sitaki kuhurumiwa."

"Si huruma, wifi. Sufuria ni langu, hilo nitakudai mpaka uzeeke. Kitambulisho ni chako. Nilikosea kukishika. Nisamehe."

Cherehani ikanyamaza. Wifi aliichukua kadi, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake.

"Nilipanga kwenda na picha ya kwenye simu," alisema.

"Wangekurudisha."

"Ningelia njia nzima. Sijawahi kukosa kura tangu usichana wangu."

"Najua. Si wewe uliyenipeleka?"

Walitazamana, wakacheka, na machozi yakawatoka hapo hapo.

Asubuhi walipanga foleni pamoja. Karani alitazama picha ya wifi, akamtazama mwenyewe. "Hapa ulikuwa mwembamba, mama."

"Nilikuwa sijapata wifi wa kunipikia."

Karani akacheka, akaliona jina lake kwenye daftari, akampa karatasi. Wifi aliingia kupiga kura peke yake, kwa sababu kura ni siri. Zamu ya Mama Sufuria ikafuata. Nje walimkuta bibi wa kona amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameinua kidole chenye wino kila mtu akione.

Tangu siku hiyo Mama Sufuria hashiki kitambulisho cha mtu. Anayekodi chombo huacha namba ya simu, na huja na jirani wa kumdhamini. Vyombo vinarudi salama kuliko zamani, kwa sababu hakuna anayetaka kumwaibisha jirani yake.

Juzi wifi alifika bandani. "Nataka sufuria kubwa."

"Kubwa lipi? Lile uliloligeuza chujio?"

"Lililobaki. Na safari hii sichezi."

"Mdhamini wako nani?"

Wifi aliangalia huku na huku, banda zima, kana kwamba anamtafuta. Kisha akamgeukia.

"Wewe."

Mama Sufuria akaingia kati ya vyombo, akalivuta lile kubwa lililobaki. Akashika mkono mmoja wa sufuria, wifi akashika wa pili, wakalibeba.