Mshiriki wa Arobaini

Sauti ya mshiriki wa arobaini ilipaswa kuwa ya dakika nane. Dolphine alijua hivyo vizuri, kwa kuwa sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Lakini kompyuta ilionyesha saa moja na dakika kumi na mbili.

Alisugua macho, akaangalia tena. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na chini ya ofisi ya mradi wauza mitumba wa soko la Kibuye walikuwa wakiitana wateja kama kawaida yao. Hakuna mtu anayetegemea kuogopa saa kama hiyo. Akavaa spika za masikioni, akabonyeza.

Tuseme ukweli mapema, maana Dolphine mwenyewe alichelewa kuusema. Wasomi wana dhambi yao ndogo ambayo hawaiungami kanisani, nayo ni kupika data. Mradi wao uliwaunganisha wanasayansi na wanahistoria. Wale wa sayansi walipima maji na matope kule chini ya Ahero, ambako ziwa lilipanda likameza mashamba ya mpunga na nyumba za watu. Dolphine, upande wa historia, alikusanya kumbukumbu za waliofukuzwa na maji hayo. Mahojiano arobaini, na fomu za ridhaa arobaini, kila moja na sahihi au alama ya kidole gumba. Daktari Wakhisi, mkuu wa mradi, hakutaka kusikia habari ya thelathini na tisa. Bila arobaini tasnifu ya Dolphine isingepita, na alikuwa ameshakosa kufuzu mara mbili.

Siku ya mwisho bodaboda ilimfikisha barabara ilipoishia. Mbele yake yalikuwa maji matupu, na nyumba ya arobaini ilikuwa imebaki paa la mabati. Dolphine akaketi juu ya tuta la mfereji na kumbuni mama mmoja. Akamwita Beldina. Akampa miaka hamsini na mitatu, akamfanya mjane anayeuza omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Alipofika kwenye swali la watoto, uongo ulimwishia, akili imechoka na jua linamchoma utosi, akaandika kilichokuwa karibu: mtoto mmoja, msichana, jina Becky, miaka sita, jino la mbele limeng'oka, anaogopa kuku. Huyo alikuwa mtoto wake wa kumzaa, na hakuwa na mwingine.

Kisha akachovya kidole gumba chake kwenye wino, akamwekea Beldina alama. Akawasha rekoda, akajiuliza maswali na kujijibu kwa sauti ya kukwaruza. Mwishoni akasema maneno waliyofundishwa kusema kwa kila mshiriki: "Asante kwa kukubali, mama. Sasa wewe ni mmoja wetu katika utafiti huu." Maji yakachapa tuta mara moja, yakatulia. Yeye akakunja karatasi zake akarudi mjini.

Sasa pale ofisini alisikiliza dakika zake nane kwa aibu. Akajisikia akisema asante. Maji yakachapa. Halafu, mahali ambapo rekoda ilipaswa kunyamaza, mwanamke mwingine akakohoa.

"Mwalimu, mbona umefunga? Mimi bado sijaongea."

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mzima, ya Kiluo kabisa. Iliongea muda wote uliobaki. Ilisimulia jinsi ilivyokaa kwenye matope tangu kabla ya mpunga na kabla ya barabara, haina jina wala mlango, ikisikiliza watu wa juu wakiita watoto wao waje kula.

"Kila jioni watu wanaitwa. Mimi hakuna mtu aliwahi niita. Sasa wewe umekuja na kalamu, umenipa jina, umenipa nyumba, umenipa na nyathina, mtoto wangu. Ero kamano, mwalimu. Asante sana. Nakuja kumchukua."

Dolphine alivua zile spika, na hapo ndipo alipogundua kwamba soko lote lilikuwa limenyamaza, hakuna muziki, hakuna mwita wateja, na kwamba ofisi ile ya ghorofani ilikuwa inanuka matope mabichi na magugu maji yaliyooza. Alishuka ngazi mbiombio na kelele za Kibuye zikamrudia ghafla pale mlangoni.

Becky alikuwa salama siku ile. Alikuwa nyumbani Nyalenda kwa jirani, anachora. Alimkimbilia mama yake akicheka, na hewa ikapiga mluzi mdogo kwenye pengo la jino kama ilivyofanya kila alipocheka. Dolphine alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Lakini juma lile sare ya Becky ilianza kurudi nyumbani ikiwa na unyevu, na jua lilikuwa likiwaka kila siku. Siku ya tatu Dolphine aliinusa, ikanuka matope.

"Becky, mnachezea maji shuleni?"

"Hapana. Ni yule mama wa dirishani ananishikanga."

"Mama gani?"

"Anakuja saa ya uji. Anajua jina yangu. Anasema jino yangu iko kwake, ameiweka vizuri."

Dolphine hakusubiri. Alimwendea Daktari Wakhisi, akafunga mlango na kukiri yote: paa, tuta, kidole. Alitegemea kufukuzwa, na kwa kweli alitamani kufukuzwa. Daktari alimtazama kwa huruma.

"Dolphine, wewe umechoka. Huyo mama nilimpigia simu mwenyewe kuhakikisha, vile mimi hufanya na kila fomu."

"Daktari, hiyo namba niliitoa kichwani!"

"Na alishika. Tumeongea vizuri sana, tena ndiye wa maana kuliko wote. Aliniambia ako na msichana moja anakaa na mtu hapa mjini, anataka kumrudisha nyumbani." Akatabasamu. "Sauti iko mbali kidogo, lakini ni network ya huko."

"Mfute, Daktari. Nakuomba. Mfute tu."

"Siwezi kufuta mtu kwa sababu mtafiti ameomba. Wewe unajua sheria. Mshiriki ndiye anaweza kujiondoa, siku yoyote, bila kutoa sababu. Kama anataka, mpelekee fomu ya kujiondoa aweke kidole." Akafungua droo, akamkabidhi karatasi moja.

Kutoka hapo alikwenda Kaloleni kwa Mzee Yahya, ambaye watu wa dini zote humwendea kwa siri kuhusu mambo ya majini. Mzee alisikiliza rekoda kidogo tu, akaizima. Akafukiza ubani, akasoma, akasoma tena, jasho likimtoka chini ya kofia, na moshi wa ubani ukakataa kupanda, ukawa unatambaa sakafuni kuelekea miguu ya Dolphine na kunuka matope. Akaacha kusoma.

"Mama, jini likivamia mtu mimi nalitoa kwa nguvu za Mungu," alisema kwa sauti ya chini. "Hili halijavamia. Limekaribishwa kwa maandishi. Kidole ni cha nani?"

Dolphine alimwonyesha gumba lake. Wino ulikuwa bado umekaa kwenye mistari, siku kumi sasa, sabuni imeshindwa.

"Basi mimi sina la kufanya, mwanangu. Hiyo karatasi yenu inasema anatoka vipi?"

"Anajiondoa mwenyewe."

"Mwombe, kwa adabu. Lakini kila neno utakalomtamkia, lisikie kwanza wewe. Hawa wanashika neno kama lilivyo."

Dolphine aliitikia ndiyo, na kweli alidhani amesikia.

Kesho yake, Becky akiwa shuleni, alirudi kule chini ya Ahero. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Paa la mabati lilikuwa pale pale, na juu ya tuta, mahali alipokuwa ameketi yeye siku ile, palikuwa na mwanamke ameketi na beseni tupu la omena, leso yake ikichuruzika maji ambayo hayakuisha. Dolphine alimtazama usoni akashindwa kuona. Uso ulikuwepo lakini haukukaa, macho yalikuwa mahali kisha hayapo, mdomo ulihama kila alipoutafuta, na akaelewa kwa nini: fomu yao haikuwa na swali la sura. Kila alichoandika mwanamke huyu alikuwa nacho, na ambacho hakuandika hakikuwepo.

"Karibu, mwalimu," ilisema ile sauti ya upole. "Umeniletea swali zingine?"

"Mama Beldina," Dolphine alinong'ona. "Naomba ujiondoe. Nilikosea. Naomba tu ujiondoe kwa utafiti."

Alitegemea hasira. Mwanamke akaweka beseni chini, akasema, "Sawa. Kama ni hivyo unataka, mimi sina neno. Nisomee."

Machozi ya furaha yalimtoka Dolphine. Akatoa karatasi na kusoma, na alisoma kama watafiti wote wanavyosoma fomu zao, haraka, kwa sauti moja, macho yakikimbia mbele ya akili, kwa kuwa maneno ya namna ile alikuwa ameshawasomea watu thelathini na tisa wasiojua kusoma na tangu yule wa tano au wa sita alikuwa ameacha kuyasikia, naye sasa alichotaka ni kufika tu chini kwenye kile kisanduku cha kidole kabla mwanamke hajabadili nia: "Mimi mshiriki najiondoa kwa hiari yangu bila kutoa sababu na naelewa kwamba yote niliyoyaeleza kuwa yangu yatafutwa kwenye kumbukumbu za mradi na kurudishwa kwangu mimi mwenyewe bila kubakiza lolote."

"Nimeelewa," alisema mwanamke. "Na wewe umeelewa?"

"Ndiyo, ndiyo."

"Lakini mimi sina kidole, mwalimu. Niwekee, kama siku ile."

Dolphine hakuhitaji hata wino. Akabandika gumba lake kwenye kisanduku. Alipoinua macho, tuta lilikuwa tupu, na ile karatasi haikuwa tena mkononi mwake. Upepo ulinukia mpunga. Alikaa pale akilia na kucheka, akashukuru Mungu kwa sauti, na njia yote ya kurudi mjini juu ya bodaboda alikuwa akiwaza atamnunulia Becky nini.

Alifika shuleni saa tisa. Mwalimu Nanyama alikuwa akifunga darasa.

"Mama Becky! Kwani Becky amesahau nini?"

"Nimekuja kumchukua Becky."

Mwalimu akashangaa. "Si alichukuliwa saa sita na nusu? Mama mmoja alikuja na karatasi yako. Iko na kidole yako, inasema mtoto anarudishwa kwa mwenyewe. Mimi nikajua mmeelewana."

"Nani alikuja? Mwalimu, alikuwa anakaa aje kwa sura?"

Mwalimu Nanyama alisogea karibu, akamtazama machoni. "Nilimwangalia hivi," alisema. "Uso kwa uso. Yawa, Mama Becky, sikumbuki."

"Becky alikubali kwenda?"

"Alimkimbilia," mwalimu alisema, sasa analia. "Alimwita mama."

Dolphine alitazama sakafu. Kutoka mlangoni hadi dawati la Becky palikuwa na nyayo za matope, kubwa, za mtu mzima. Kutoka dawatini kurudi mlangoni zilikuwa jozi mbili.

Polisi walitafuta, wavuvi walitafuta, kanisa lilifunga na kuomba. Maji chini ya Ahero hayakurudisha hata kiatu. Kwenye kompyuta ya mradi mshiriki wa arobaini hayupo tena, na Daktari Wakhisi, baada ya kutoa pole zake, alimwajiri mtu mwingine amalizie idadi. Tasnifu Dolphine aliiacha pale pale ilipofikia.

Kilichobaki ni rekoda yake ndogo, na ile sauti, ambayo sasa imerudi kuwa ya dakika nane tu. Huisikiliza kila siku, mlango ameufunga, gumba lake likiwa na wino ambao hautoki. Hujisikia akiuliza maswali yake ya kisomi, jina, miaka, kazi, na mahali pa sauti yake ya kukwaruza, ile sauti ya upole ikijibu yote bila haraka. Halafu hufika kwenye swali lile.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Mmoja tu," hujibu ile sauti. Na karibu yake, karibu kabisa na rekoda, mtoto hucheka, na hewa hupiga mluzi mdogo kwenye pengo la jino.