Anayeitika Upande wa Pili

Jumanne, saa sita mchana, jibu lilifika kabla ya swali. Fundi aliliona kwa macho yake kwenye kioo cha kompyuta: "Nipo" imeandikwa sekunde moja kabla ya "Upo?" Akasonya, akasema saa za mashine zimepishana, akaendelea na chai yake. Harufu ya nywele zilizoungua iliyotoka kwenye feni aliisingizia vumbi.

Alikuwa mwanamke mchapakazi, huyu Fundi, na mvivu kidogo pale pasipoonekana, kama sisi sote. Kiwanda chao kilitengeneza chakula cha mifugo. Pipa la kuchanganyia, kubwa kuliko chumba cha kulala, lenye mapanga ya chuma ndani, lilikuwa yadi ya pili, mwendo wa dakika tisa kwa gari. Kila siku saa sita programu aliyoiandika yeye iliingia kwenye kompyuta ya kule kupitia waya wa mtandao, ikaiamuru isimamishe pipa, ikawasha taa ya kijani ili wasafishaji waingie. Wakiwa ndani, iliuliza kila sekunde kumi: Upo? Kompyuta ya kule ikajibu: Nipo. Maswali matatu yakikosa jibu, basi mawasiliano yamekatika. Hapo programu inapiga king'ora kwa redio na watu wanatoka mbio, kwa sababu pipa likikosa amri dakika nzima huanza kuzunguka lenyewe. Na kiongozi wa wasafishaji alikuwa mume wake.

Zamani programu hiyo ilikuwa na adabu. Kabla ya kusema lolote ilimtaka aliye upande wa pili ajitambulishe kwa alama yake ya siri. Lakini kila kompyuta ya kule ilipotengenezwa alama ilibadilika, programu inagoma, Fundi anaitwa kijiko kikiwa mdomoni. Miezi mitatu iliyopita alichoka, akaiambia iache kuuliza. Yeyote atakayeitika, apokelewe.

Jumatano, saa sita na dakika tano, wachimba mitaro walikata waya njiani. Kwa dakika kumi na saba hakukuwa na mawasiliano yoyote kati ya yadi mbili. King'ora hakikulia. Taa ilibaki kijani. Dakika ya kumi na saba pipa, lililopaswa kuamka tangu dakika ya kwanza, liliamka.

Ndani alikuwamo msafishaji mmoja mwembamba, mcheshi, waliyemwita Mstari. Mume wa Fundi alikuwa kwenye ngazi, akajitupa mdomoni mwa pipa, akamkamata mkono na kuvuta kwa nguvu zake zote, na mkono ukaja peke yake. Mapanga yalizunguka mara sita kabla mtu hajakata umeme. Walichokitoa walikitoa kwa makoleo.

Wakubwa walisema marehemu alichelewa kutoka. Fundi alifungua kumbukumbu za programu na kuhesabu: ndani ya dakika zile waya ulipokuwa umekatika, "Nipo" mia moja na mbili. Alipomwonyesha Meneja, Meneja alisema waya umeshaungwa, na akakataza mtu yeyote kugusa programu mpaka uchunguzi uishe. Nyumbani alimsihi mumewe asiingie tena. Mume, aliyekuwa ameoga mara nne na bado ananusa mikono yake, alijibu kwamba asipoingia kesho hataingia maisha, na watoto watakula nini.

Basi Alhamisi Fundi alimleta ofisini mama mkwe wake, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akipunga watu wenye mashetani, na kwa miaka kumi mkwe alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Mama aliinusa kompyuta kama anavyonusa maziwa. Saa ilikuwa sita na robo, na mwanawe alikuwa ndani ya pipa.

"Hapa unamwita nani, mwanangu?"

"Kompyuta ya kule, mama."

"Unamtaja? Unamuuliza ni nani?"

"Niliacha kumuuliza."

"Miezi mitatu unaita kwenye giza, kila mara, bila kutaja mtu," alisema mama kwa sauti ya chini. "Mwenye masikio ameitika."

Fundi aliinama nyuma ya meza kuufuata waya, ili mikono ipate cha kufanya, na vidole vyake vikafika mwisho wake mapema mno. Ncha ya waya ilikuwa sakafuni. Mfagiaji aliivuta asubuhi bila kujua. Juu ya meza kioo kiliendelea: Upo? Nipo. Upo? Nipo. Meneja, aliyekuwa mlangoni akitaka kujua huyu bibi ameingiaje, aliiona ncha, akakiona kioo, akasahau habari ya bibi.

Fundi alipoinua ile ncha kuichomeka, spika ya kompyuta ilizungumza.

"Usichomeke. Pipa nimelishika mimi. Ukichomeka, ukipiga king'ora, ukiniambia nenda, nitaachia kabla mumeo hajainua mguu."

Mama alianza kusoma dua, na kitu kisichoonekana kikamnyanyua na kumbamiza ukutani hadi plasta ikadondoka, akaanguka na damu ikamtoka masikioni, midomo ikiendelea kusoma. Fundi aliuliza kwa mnong'ono kinataka nini. Kikasema hakuna aliyewahi kukiita kwa upendo namna hii, mchana kutwa. Kwa hiyo sasa aite kwa mkono wake mwenyewe, mara moja kila dakika, na kila kikiitika kitachukua kidole.

"Toa neno lako," mama alisema kutoka sakafuni. "Ukiitika, unashika pipa."

"Nikiitika, nashika."

Wasafishaji hawaingii pipani na simu, na Meneja alikuwa ameshakimbilia gari kwenda kumtoa mume kimyakimya, simu yake ikiwa imeunganishwa na simu iliyo mezani kwa Fundi.

Aliandika: Upo? Jibu lilikuja, na kidole gumba cha kulia kikapinda nyuma, kikalia kama kuni kavu na kung'oka. Akapiga kelele, akafunga mkono kwa sketi, akaitazama saa. Dakika ya pili cha shahada. Dakika ya tatu na ya nne alisikia kwenye simu honi na matusi ya Meneja kwa malori, na ya tano mkono wa kulia ulikuwa umekwisha wote na damu imeingia kati ya vitufe, vinateleza, naye akabonyeza kwa mkono wa kushoto huku harufu ya nywele zinazoungua ikimjaa kooni na kile kitu kikimcheka sikioni kwa sauti ya mumewe, kikimwita mke wangu, kikimuuliza kama bado anampenda, na ya sita ikapita, na ya saba, na ya nane aliandika akiwa amepiga magoti, na ya tisa akaandika bila kujua kama macho yake yako wazi. Kikabaki kidole kidogo.

"Nimetoka," simu ilisema. "Mke wangu, niko nje, nimekanyaga chini. Kuna nini?"

Kwa kidole kidogo Fundi aliirudishia programu swali aliloiondolea: Wewe ni nani?

Hakikujibu. Kioo kilipasuka, feni ikaruka na kumkata shavu, madirisha yote yakatoka nje, na kwenye simu pipa likasikika linazunguka, tupu, likinguruma hadi mapanga yakavunjika. Kisha ofisi ikanyamaza, na hewa ikawa hewa tu.

Mama alipona sikio moja. Siku ya tatu, hospitalini, mume alikuwa akimlisha Fundi uji, wote wawili wakilia bila aibu, kijana wa kompyuta za hospitali alipoingia kumsalimia. Alimheshimu sana. Alisema mwezi uliopita waliinakili programu yake kutoka kiwandani, vilevile ilivyokuwa, na sasa ndiyo inayoangalia mashine za kupumulia za wodi ya watoto.

"Haijawahi kukatika, dada," alisema kwa furaha. "Hata jana umeme ulipokatika."

Fundi alimrukia kumshika shati, na bandeji zikateleza kifuani mwake bila kushika kitu.