Nilimpa Shemeji Bunduki Bila Karatasi

Nina umri wa miaka sitini na mbili. Nimezaliwa Arusha, lakini zaidi ya nusu ya maisha yangu nimeishi North York, hapa Toronto. Ninayowaeleza yalitokea miaka ya tisini. Hata watoto wangu sijawahi kuwasimulia yote...

Siku za kazi nilikuwa karani wa kampuni ya bima. Jumamosi niliuza bunduki za kuwindia katika chumba cha chini ya nyumba yangu, kwa leseni halali. Marehemu baba alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji, na kazi hiyo niliipenda tangu utotoni.

Zikaja habari kwamba ada ya leseni itapanda, na sisi wauzaji wa muda wa ziada tutatozwa sawa na wenye maduka makubwa. Tulikasirika. Ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa mtaa. Mama mmoja akasema asiyeweza kulipia leseni asiuze silaha. Nikachukua kipaza sauti, nikamjibu kwamba sisi wadogo ndio waangalifu, maana kila mteja tunamjua jina na tabia. Nilipigiwa makofi sana. Mke wangu Felista alikuwepo, pamoja na mdogo wake Deo na mke wa Deo, Sesilia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Sesilia alinivuta pembeni kwenye maegesho ya kanisa.

"Shemeji, Deo akija kwako kutaka bunduki, nakuomba usimpe. Tangu aachishwe kazi kiwandani amebadilika. Namwogopa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Moyoni nilidhani ni ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Kwa nini sikumuuliza hata swali moja?

Ada ilipanda kweli. Kwa kiburi nikakataa kulipa, na leseni yangu ikaisha muda. Nilibaki na bunduki mbili ambazo sikuruhusiwa tena kuziuza. Nilipaswa kuzikabidhi kwa muuzaji mwenye leseni. Sikufanya hivyo.

Jumamosi moja Deo akaja, amenyoa ndevu, anacheka. Akasema wenzake wamemwalika kwenda kuwinda kulungu huko kaskazini. Hakuwa na kibali cha kumiliki silaha, na mimi nilijua. Maneno ya Sesilia yalinijia, nikayafukuza. "Wewe si mtu baki," nilimwambia, nikamkabidhi bunduki na risasi bila kuandika popote.

Siku ya tisa alimpiga Sesilia risasi kupitia mlango wa bafu alimokuwa amejifungia. Sesilia alipona, lakini mkono wake wa kulia ulikatwa. Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi...

Polisi walipokuja, niliwaambia bunduki iliibwa. Wakaandika.

Felista alisubiri waondoke. Jumamosi ile alikuwa amemwona mdogo wake akitoka kwetu na begi refu. "Yule ni damu yangu, na wewe ni mume wangu," alisema polepole. "Lakini sitakaa na wewe meza moja mpaka ukaseme ukweli."

Nilichukua siku nne kupata ujasiri. Siku nne nzima, huku mke wa mtu amelala hospitali!

Kabla ya kwenda polisi kusema ukweli, nilipita hospitali kumwona Sesilia. Hakulia, wala hakunitukana.

"Nilikwambia, shemeji," alisema. "Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Nilikwambia wewe."

Sikuweza kumtazama. Nilitoka bila hata kumaliza kuomba msamaha.

Deo alifungwa. Mimi nilihukumiwa, nikafukuzwa kazi, na kwa miaka mingi nilikaa benchi la nyuma kanisani ili niwahi kutoka kabla ya watu kusalimiana. Sesilia alihamia mji mwingine. Felista humpigia simu mpaka leo. Mimi huenda jikoni mpaka wamalize.

Wasomaji wenzangu, hata leo naamini ada ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa Jumamosi tu. Lakini je, ni ada iliyompa Deo bunduki? Ni mimi. Niliona haya kumnyima shemeji yangu, na hofu ya mkewe nikaiona si kitu.

Nawasihi, msipite nilikopita mimi. Mwanamke akikwambia anamwogopa mumewe, mwamini siku hiyo hiyo.