Vidonge Katika Shimo la Ndizi

Harufu ya ndizi mbivu ilijaa nyumbani kwa Benadeta, huko Kihanga, ingawa shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe ya kienyeji, lilikuwa tupu. Wengine hawakuisikia. Yeye alianza kuisikia tangu walipomzika kitindamimba wake, na kila ilipokuja, kitu kizito kilimkalia kifuani mchana kweupe, kikamnong'oneza kwa sauti ya marehemu: "Mama, unabaki kufanya nini?"

Mumewe, Mwesiga, alimpeleka hospitali, wakapewa vidonge. Muuguzi hakuwaficha kitu: vidonge vile havileti furaha, vinausaidia ubongo polepole ushike tena utulivu wake.

"Kinywa kitakauka, mikono inaweza kutetemeka, usingizi utayumba. Maudhi huja kwanza, nafuu baadaye. Usiache ghafla, hata ukijiona umepona."

Maudhi yakaja yote. Kikombe cha chai kiligonga meno yake. Lakini wiki zilivyosogea, kile kitu kilishuka kifuani, kikasogea mlangoni, kikatoka hadi migombani, kikawa kinamtazama kwa mbali tu. Siku moja akamsuka binti yake Vero nywele, mikono ikitetemeka, mtoto akacheka. Benadeta alilia kwa raha aliyokuwa ameisahau.

Mama mkwe, Kemilembe, hakusikia kicheko. Aliona mikono.

"Mwanangu, hilo ni jini," alimnong'oneza Mwesiga. "Limo kwenye vidonge. Tangu lini mawazo yakamtetemesha mtu?"

"Mama, muuguzi alisema..."

"Muuguzi hajui ya kwetu. Nyamaza, lisikusikie."

Mganga Telesfori akaja adhuhuri. Akamwaga vidonge vyote shimoni, akavifunika kwa majani ya mgomba kama wanavyofunika ndizi, akafukiza moshi. "Humu litaiva mpaka lioze," alisema. Mwesiga, aliyemsikia muuguzi kwa masikio yake mwenyewe, ndiye aliyemkatia majani hayo. Mwanamume mzima, anamwogopa mama yake!

Siku zilizofuata kichwa cha Benadeta kilipigwa shoti kama za umeme, akapepesuka kila alipogeuza macho, naye Kemilembe akapiga vigelegele kwamba jini linang'oka, huku kutoka shimoni harufu ya ndizi mbivu ikipanda, ikavuka ua, ikapenya chini ya mlango, ikamfikia kitandani na uzito wake wote, na ile sauti ya mtoto ikasema kwa furaha, "Mama, wamenifungulia njia."

Kisha kutetemeka kukaisha. Kemilembe akawaita majirani.

"Njooni muone mikono ya mkwe wangu! Imetulia tuli!"

Vero alimkimbilia mama yake na kitana mkononi, akakaa mbele yake asukwe. Benadeta alitaka kuinua mikono. Akajaribu tena. Majirani walikuwa wakimsifu Telesfori, na hakuna aliyeona kwamba mikono ile ilikuwa imeshikwa, kwa vidole vidogo vyenye udongo.